Alama 75 za Nani?

Chukua wagonjwa wawili wa skizofrenia, ugonjwa wa akili, wote wamepimwa kwa PANSS, kipimo cha ukali wa dalili za ugonjwa huo, wote wamepata alama 75. Wa kwanza anasikia sauti mchana kutwa, ana hakika kuna watu wanamfuatilia kupitia simu yake, na hamalizi sentensi mbili bila kugeuka kutazama mlango. Lakini mguse habari za ndugu zake: anacheka, anasimulia, anakutania. Wa pili hasikii sauti yoyote wala hamshuku mtu. Amekaa tu. Anajibu kwa neno moja, uso hausogei, na asipokumbushwa kuoga haogi. Ukizigawa alama zao, wa kwanza ana 28 kwenye dalili chanya, 11 kwenye dalili hasi na 36 kwenye dalili za jumla. Wa pili ana 10, 30 na 35. Jumlisha mwenyewe: 75 kwa 75.

Wawili hawa nimewatunga, ila yeyote aliyewahi kufanya kazi ya upimaji anawafahamu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kwa muda mrefu nimekuwa mpimaji: nakaa na mgonjwa, namhoji kwa utaratibu maalumu, natoa alama. Kazi hii naipenda, na huwa naitetea mbele ya wenzangu wanaoiona kuwa ni ujazaji wa fomu. Kinachonikera ni ile jumla ya alama zote. Daktari anauliza kwenye simu, "Ana ngapi?" Mtafiti anaandika namba moja kwenye jedwali. Ndugu wa mgonjwa anaambiwa alama zimeshuka, anafurahi, halafu anarudi nyumbani kwa mtu yuleyule. Nataka nieleze namba hiyo inapikwaje, maana ukishaona inavyopikwa hutaridhika tena na jumla.

PANSS ilichapishwa mwaka 1987 na Stanley Kay, Abraham Fiszbein na Lewis Opler huko Marekani. Ina vipengele 30. Saba ni vya dalili chanya, yaani mambo yaliyoongezeka juu ya hali ya kawaida ya mtu: sauti zisizosikika na wengine, imani zisizo na msingi ambazo hazitikisiki kwa ushahidi, mazungumzo yanayoruka huku na huku, shuku, ukali. Saba ni vya dalili hasi, yaani mambo yaliyopungua: hisia usoni, hamu ya watu, maneno yenyewe. Kumi na sita vilivyobaki vinaitwa vya jumla, na humo mmewekwa kila kitu kingine, kuanzia wasiwasi na huzuni hadi umakini na kutambua kwamba unaumwa. Kila kipengele kinapewa alama kuanzia 1 hadi 7. Alama 1 maana yake dalili haipo.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Kama kutokuwa na dalili ni 1, basi mtu asiye na dalili hata moja anapata 30, si sifuri. Kipimo kinaanzia 30 na kuishia 210. Na kwa kuwa wasiwasi, mvutano wa mwili na huzuni vimo kwenye orodha, sidhani kama wengi wetu tungetoka na 30 kamili baada ya wiki mbaya kazini. Hii 30 ya bure itatusumbua tena huko mbele tukifika kwenye asilimia.

Kabla ya hapo ilikuwaje? Dawa ya klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa saikosisi, yaani waliopoteza mguso na uhalisia, mwaka 1952, na ghafla kukawa na swali ambalo halikuwa na haraka zamani: huyu amepata nafuu kiasi gani, na ni nafuu kuliko ya yule aliyepewa dawa nyingine? Kusema "anaendelea vizuri" hakukutosha tena. Mwaka 1962 John Overall na Donald Gorham walitoa BPRS, kipimo kifupi cha vipengele 16 ambavyo baadaye viliongezwa kuwa 18, na PANSS ilichota humo sehemu kubwa ya vipengele vyake. Kulikuwa pia na aibu ya kitaaluma. Utafiti uliolinganisha New York na London, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba madaktari wa New York walikuwa wakitoa jina la skizofrenia kwa wagonjwa wengi mno kuliko wenzao wa London. Wagonjwa walipohojiwa kwa maswali ya aina moja na kupimwa kwa masharti ya aina moja, sehemu kubwa ya tofauti hiyo iliyeyuka. Ugonjwa haukuwa umebadilika kwa kuvuka bahari. Waliotofautiana ni madaktari.

Shirika la Afya Duniani nalo liliendesha utafiti wake katika vituo 9: Aarhus, Agra, Cali, Ibadan, London, Moscow, Prague, Taipei na Washington. Walitumia mahojiano yaliyopangwa ya John Wing na wenzake, ili anayehojiwa Ibadan aulizwe mambo yaleyale anayoulizwa wa Prague. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha kazi hii. Vipimo vilizaliwa kwa sababu watu waliosoma sana walimtazama mgonjwa mmoja wakaona magonjwa mawili.

Sasa tuingie chumbani.

Mahojiano ya PANSS yanachukua kama dakika 30 hadi 50. Dakika za mwanzo huulizi dalili. Unamwacha mtu aongee chochote, nawe unasikiliza namna anavyoongea, kwa sababu vipengele kadhaa havipimwi kwa majibu. Je, hoja inashikana na iliyotangulia? Uso unabadilika anapotaja kitu cha kuchekesha? Anaongeza neno bila kuvutwa? Baada ya hapo ndipo maswali yanaanza, na yote yanahusu siku saba zilizopita. Mwaka jana aliwahi kuruka dirishani akikimbia sauti? Hilo ni la kwenye faili. Hapa tunapima wiki hii.

"Dada, wiki hii zile sauti zimekuja?"

"Zinakuja, sista. Kila siku zipo."

"Zinasema nini?"

"Yaleyale. Mvivu, mchafu, ondoka hapa. Ila siku hizi siziitikii. Nikizisikia naendelea kuosha vyombo."

"Na zamani?"

"Zamani nilikuwa natoka nje kuzitafuta."

Mwongozo wa alama una maelezo kwa kila namba. Kwa maruweruwe, yaani kusikia au kuona visivyokuwepo, alama 4 ni pale yanapotokea mara kwa mara lakini si mfululizo, na yanagusa fikra na tabia kidogo tu. Alama 5 ni pale yanapotokea mara kwa mara na yanaelekea kupotosha fikra au kuvuruga tabia. Mtu anaweza kuyapa maelezo yake mwenyewe, akayajibu kwa hisia, pengine hata kwa maneno. Kwa hiyo dada huyu, ambaye mwezi uliopita alikuwa na 5, wiki hii ana 4.

Tazama kilichotokea. Mtu aliyekuwa akitoka nje kuwatafuta wanaomtukana sasa anaosha vyombo huku anatukanwa. Kwa yeyote anayeishi naye nyumba moja hayo ni mapinduzi. Kwenye jumla ni pungufu la alama moja, na akiwa amelala vibaya wiki hiyo na wasiwasi ukapanda kutoka 3 hadi 4, jumla haijasogea hata kidogo.

Kuna vipimo vilivyoundwa kwa ajili ya pengo hili hili. PSYRATS, iliyotolewa mwaka 1999 na Gillian Haddock na wenzake, inazichukua sauti peke yake na kuzichambua kwa vipengele 11: zinakuja mara ngapi, zinadumu muda gani, zinatokea ndani ya kichwa au nje, zina ukubwa gani, mgonjwa anaamini zinatoka wapi, kiasi gani cha yanayosemwa ni kibaya na kibaya kiasi gani, zinamuumiza mara ngapi na kwa ukali gani, zinamharibia maisha kwa kiwango gani, na ana uwezo gani wa kuzitawala. Kwa kipimo hicho dada yetu angeonekana vizuri: idadi ileile, maumivu pungufu, utawala zaidi. Tatizo ni muda. Hakuna zahanati yenye foleni mlangoni itakayofanya PSYRATS, kisha PANSS, kisha kipimo cha huzuni, kwa kila anayeingia. Zipo njia za mkato. CGI ni swali moja tu: kwa uzoefu wako, mgonjwa huyu anaumwa kiasi gani, 1 hadi 7? Na ipo PANSS ya vipengele 6, iliyopendekezwa mwaka 2016. Kwa kliniki zinatosha, na sina ugomvi nazo.

Watu huniuliza kama alama hizi si maoni ya mpimaji tu. Ndiyo, ni maoni, ila yamefungwa kamba. Kabla hujaruhusiwa kupima kwenye utafiti unakalishwa na wenzako kutazama video za mahojiano, kila mtu anatoa alama zake kimya, kisha zinawekwa hadharani na unatakiwa kuzitetea. Nakumbuka mabishano juu ya mgonjwa aliyetazama kona ya dari mara mbili katikati ya sentensi. Mwenzangu alisema bila kusita, "Anazisikia sasa hivi, hiyo ni 5." Mwingine akajibu kwamba kwenye kona ile kulikuwa na feni, na inasikika kabisa kwenye video ikikwaruza. Turudishe video. Ikarudishwa. Feni ilikuwepo kweli. Lakini mara ya pili mgonjwa alitikisa kichwa kidogo, kama anayemkatalia mtu, na feni haiulizi maswali. Tulimaliza kwa 4 na 5, na tofauti ya alama moja kwenye kipengele kimoja kwa kawaida inavumilika. Kisichovumilika ni 2 na 5.

Mwongozo unasaidia kwa sheria moja ambayo wapya huisahau: alama zaidi ya moja zikimfaa mgonjwa, toa ya juu. Sheria hii inawalinda wapole. Bila hiyo, mgonjwa mwenye adabu, anayetabasamu na kushukuru, anaondoka na alama za chini kila mahali kwa sababu tumempenda, na yule mkali anapanda hata kwenye vipengele visivyohusu ukali. Kuna na uchovu. Ukiwapima wagonjwa wale wale kwa miezi, jicho linazoea. Kilichokuwa 5 mwanzoni kinaanza kuonekana 4. Ndiyo maana kwenye tafiti zilizopangwa vizuri wapimaji hurudishwa darasani.

Kwenye majaribio ya dawa kuna kishawishi cha kinyume. Jaribio linataka watu wenye alama kuanzia kiwango fulani, tuseme 80. Kituo kinatakiwa kuandikisha washiriki, muda unakwenda, na mbele yako amekaa mtu mwenye 77. Hakuna anayekuambia udanganye. Ila vipengele vitatu tu vyenye 3 vikipewa 4, ameingia. Wiki mbili baadaye, shinikizo likiwa limeisha, unampima kwa haki na anapata 77 yake, na kwenye jedwali inasomeka amepata nafuu, hata kama alikuwa akimeza plasebo, kidonge kisicho na dawa ndani.

Hilo linanifikisha kwenye dawa mpya. Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Cobenfy, dawa ya skizofrenia inayofanya kazi kwa njia tofauti na zile zilizotangulia, ambazo kwa miongo yote zimekuwa zikizuia vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo. Kwenye jaribio mojawapo lililoibeba, baada ya wiki 5, waliopewa dawa walishuka kwa wastani wa alama 21.2 za PANSS na waliopewa plasebo wakashuka 11.6. Tofauti ni 9.6. Vyombo vya habari vilishangilia, na sina neno: njia mpya baada ya miaka mingi hivyo ni habari kubwa. Mimi macho yangu yalibaki kwenye 11.6. Karibu alama 12 bila dawa! Baadhi yake ni kitanda, chakula cha wakati, watu wanaokuuliza hali yako kwa utulivu kila wiki. Baadhi yake ni ugonjwa wenyewe, ambao hupanda na kushuka, na watu huandikishwa ukiwa umepanda. Na baadhi, naogopa, huenda ni zile 3 zilizogeuzwa 4.

Je, 9.6 ni nyingi? Mwaka 2005 Stefan Leucht na wenzake walizilinganisha alama za PANSS na lile swali moja la CGI. Waligundua kwamba wale ambao madaktari waliwaona wanaumwa kidogo walikuwa na kama 58, wanaoumwa kwa wastani 75, wanaoumwa kwa kiasi kikubwa 95, na wenye hali mbaya sana 116. Kutoka ngazi moja hadi nyingine ni alama 17 hadi 21 hivi. Kwa hiyo 9.6 ni kama nusu ya ngazi, kwa wastani wa kundi. Ndani ya wastani huo wamo walioshuka ngazi mbili na wamo ambao hawakusogea.

Sasa ile 30 ya bure. Mgonjwa anaanza na 90, anafika 72. Ameshuka kwa 18. Ukigawa kwa 90 unapata asilimia 20. Lakini 30 kati ya hizo 90 haziwezi kuondoka hata apone kabisa. Dalili zake halisi zilikuwa 60, na 18 kati ya 60 ni asilimia 30. Wapo walioripoti kwa njia ya kwanza, wapo wa pili, na zamani si kila makala ilisema imetumia ipi. Ukiweka mpaka kwamba "aliyeitikia dawa" ni aliyeshuka asilimia 25, mtu huyu anaitikia kwenye makala moja na haitikii kwenye nyingine. Mtu mmoja, wiki moja, karatasi moja.

Hata hivyo mipaka ya namna hii imewahi kuokoa maisha. Mwaka 1988 John Kane na wenzake walichapisha jaribio la klozapini kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa. Walitaka BPRS ishuke angalau asilimia 20, na juu ya hapo mgonjwa afikie kiwango fulani cha hali ya jumla. Baada ya wiki 6, asilimia 30 ya waliotumia klozapini walifikia mpaka huo, dhidi ya asilimia 4 ya waliotumia klopromazini. Klozapini ilikuwa imetupwa pembeni kwa sababu inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu, na bila namba hizo sioni ingerudije. Nikisikia mtu anavidharau vipimo vyote kwa jumla, huwa namtajia mwaka huo.

Turudi kwa yule wa pili, aliyekaa. Dalili hasi ndizo zinazonisumbua zaidi kuzipima, kwa sababu unapima kitu ambacho hakipo, na kutokuwepo kuna sababu nyingi. Uso usiosogea unaweza kuwa ugonjwa. Unaweza pia kuwa dawa ya haloperidoli, ambayo inakakamaza misuli hadi mtu anaonekana amevaa barakoa. Unaweza kuwa sonona. Kanada walitengeneza kipimo cha Calgary mwaka 1990, vipengele 9 tu, kutenganisha sonona na dalili hasi kwa wagonjwa wa skizofrenia. Unaweza kuwa hofu: mtu ananyamaza kwa sababu anaamini wewe ni mmoja wa wanaomfuatilia. PANSS inaandika kinachoonekana. Haiulizi kimetoka wapi, na daktari anayesoma "dalili hasi 30" anaweza kuongeza dozi ya dawa ileile iliyoukakamaza uso.

Kuna mtego wa upande wa pili, mkali zaidi. Baadhi ya dawa huleta akathizia, hali ya kushindwa kutulia, miguu inatembea yenyewe, ndani mtu anahisi kuchemka. Mpimaji asiyeijua anaandika mvutano 5, msisimko 5. Jumla inapanda. Dozi inapanda. Akathizia inapanda. Kipimo chake kipo tangu 1989, cha Thomas Barnes, na hakichukui hata dakika kumi: mtazame amekaa, mtazame amesimama, muulize anajisikiaje ndani. Kama ningeruhusiwa kulazimisha kipimo kimoja kila kliniki, ningechagua hicho kabla ya PANSS.

Na kuna kipengele cha kufikiri kwa undani, ambacho PANSS imekiweka kwenye dalili hasi. Unampa mtu methali aeleze maana. "Haba na haba hujaza kibaba." Akisema kibaba kinajaa ukiweka nafaka kidogo kidogo, umeambiwa ukweli mtupu, lakini kwa kipimo amebaki kwenye nafaka na alama inapanda. Sijawahi kukiamini sana. Aliyekulia kwenye methali anajibu kabla hujamaliza, hata akiwa anaumwa vibaya, kwa sababu jibu amelikariri. Ambaye hakuzizoea anakwama akiwa mzima. Wanaochambua vipengele hivi kwa takwimu nao mara nyingi hukiona kinakwenda na vurugu za fikra kuliko na dalili hasi. Vipimo vipya vya dalili hasi vimekiacha kabisa. BNSS ya mwaka 2011, yenye vipengele 13, inauliza vitu ambavyo PANSS haikuwahi kuuliza vizuri: ulifurahia nini wiki hii, unatazamia kufurahia nini wiki ijayo, na je, hutoki kwa sababu hutaki au unataka ila huwezi? Inatenganisha anachofanya mtu na anachohisi ndani. Kwa yule wa pili, maswali hayo yangefungua mlango ambao 30 yake imeufunga.

Lipo jambo la mwisho, nalo linagusa maisha ya watu moja kwa moja. Mwaka 2005 kikundi cha wataalamu kikiongozwa na Nancy Andreasen, ambaye miaka ya 80 alikuwa ametengeneza SANS na SAPS, vipimo vya dalili hasi na dalili chanya, huko Iowa, kilipendekeza jinsi ya kutambua kwamba ugonjwa umetulia. Hawakutumia jumla, na kwa hilo nawapongeza. Walichagua vipengele 8 vya PANSS: imani potofu, vurugu za fikra, maruweruwe, mawazo yasiyo ya kawaida, mikao na vitendo vya ajabu, uso usio na hisia, kujitenga kwa kukosa hamu, na kukosa mtiririko wa mazungumzo. Vyote viwe 3 au chini, kwa miezi 6 mfululizo. Kazi haimo. Ndoa haimo. Kutambua kwamba unaumwa hakumo. Unaweza kusikia sauti mara moja moja na bado ukahesabiwa umetulia.

Niliwahi kumpima kijana aliyekuwa amekaribia mpaka huo. Saba kati ya nane zilikuwa sawa. Iliyobaki ni kujitenga. Kipengele hiki hakipimwi kwa mahojiano. Mwongozo unataka taarifa za wanaoishi na mgonjwa, na dada yake alikuwa amesema hatoki, haendi kwa jirani, hajibu simu za rafiki zake. Niliandika 4. Kijana aliomba kuiona karatasi, nikamwonyesha, kwa sababu sioni kwa nini nimfiche. Akaisoma polepole.

"Hapa umeandika sina hamu na watu."

"Ndivyo nilivyoelezwa."

"Hamu ninayo. Siendi kwa sababu wananiita kichaa."

PANSS ina vipengele viwili vya kujitenga. Kimoja, kwenye dalili hasi, ni cha anayejitenga kwa sababu hana hamu wala nguvu. Kingine, kwenye dalili za jumla, ni cha anayewakwepa watu kwa hofu au kutoamini kusiko na msingi. Cha kwanza kimo kwenye vile 8. Cha pili hakimo. Nilimpigia dada yake na kumuuliza kama ni kweli wanamwita hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, hata watoto. Kwa hiyo hofu ya kijana ilikuwa na msingi, na kwa masharti ya mwongozo haikuwa haki kuiandika hata kwenye kipengele cha pili. Nilirudi kwenye fomu, nikabadilisha 4 kuwa 2, nikaandika sababu pembeni na kutia sahihi, kisha nikamwambia kijana kuwa tarehe ya kuhesabu miezi yake 6 inaanza siku hiyo.